Mama Hajaaga

Norðvík, Suðuroy
10 Oktoba 1993

Dada Sunnvá,

Salamu nianze na za Mama, maana amenisimamia begani ananiambia niandike kwamba goti lake limepona. Uongo mtupu, jana kashuka ngazi kinyumenyume. Sisi wengine hatujambo. Wifi yako Bergljót ana kikohozi kidogo. Rannvá ametimiza miaka tisa na hataki tena kuitwa mtoto. Tummas ana sita, jino la mbele limemtoka, amelitia kwenye kibiriti akuletee.

Ndiyo, akuletee. Usianguke kitini. Tunakuja Kopenhagen! Kaka yake Bergljót, yule mnene Páll, anatuita Jutland kila mwaka, na safari hii tumesema liwalo na liwe, tunakwenda. Nikawaza kwamba kupita Kopenhagen bila kulala kwa dada yangu ni utovu wa adabu. Basi tukae kwako siku tatu, kisha tupande treni. Itakuwa mwezi wa Machi hivi. Na Mama tunakuja naye. Hajatoka kisiwani tangu alipokwenda Tórshavn kung'olewa meno.

Sasa wewe mtu wa mjini ndiwe unipangie. Tutalala wapi watu wote hawa? Watoto wanataka bustani ya bembea, ile yenye taa, na wanataka kumwona tembo. Mama anasema yeye hataki kitu, ila usimpikie kuku.

Mdogo wako,
Hanus


Kopenhagen
25 Oktoba 1993

Hanus mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini, koti sijavua, jirani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, nina wageni! Mimi niko salama. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hoteli, na mgongo ni ule ule. Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umwambie goti halidanganywi.

Nimepanga tayari. Nina chumba kimoja na jiko, hilo unalijua. Mama atalala kitandani kwangu, nyinyi wawili sakafuni, watoto jikoni chini ya meza, watafurahi kuliko wote. Tuko ghorofa ya nne na lifti hakuna, lakini Mama tutampandisha kwa vituo, kila ghorofa nitaweka kiti na kikombe cha kahawa. Siku ya kwanza msitoke, watoto waliotoka kwenye ndege hugombana tu. Siku ya pili tuwapeleke kwa tembo, na mkate tubebe wenyewe. Siku ya tatu twende kwenye mnara wa duara, hauna ngazi, unapanda kwa njia inayozunguka kama konokono, hata Mama ataweza. Wakilalamika miguu, kuna soseji nyekundu kila kona.

Lakini nani kakuambia bustani ya bembea huwa wazi Machi? Hufungwa majira yote ya baridi mpaka mwisho wa Aprili. Na ni nani anayewatoa watoto shuleni Machi kwenda matembezi, mvua ikinyesha kutoka ubavuni? Ngojeni kiangazi.

Na jambo jingine. Tangu niondoke nyumbani, kila Oktoba unaniandikia habari za kuchinja: kondoo wamenona vipi, nani kajikata kidole, nyama imejaa vipi kwenye kibanda cha kukaushia kwa upepo. Mwaka huu umeniandikia jino la Tummas. Kibandani mmetundika nini, Hanus?

Dada yako,
Sunnvá


Norðvík
2 Desemba 1993

Dada Sunnvá,

Usikasirike kwa kuchelewa, ukungu umeukalia uwanja wa ndege na posta haitoki. Mama mzima, amekufumia soksi na ananiambia nisikwambie. Kikohozi cha Bergljót kimeisha.

Mpango wako ni mzuri mno. Habari ya bembea nimewaambia watoto, wakalia kidogo, lakini tembo amewatosha. Jana tulikuwa mezani, Tummas akauliza, "Baba, tembo anakula watu?"

Rannvá akamjibu, "Anakula wajinga tu."

Mama hakuinua hata macho kwenye sindano zake. "Basi Hanus abaki nje ya geti," alisema.

Unaona tulivyo, tunacheka. Kiangazi hatuwezi kungoja, Páll ana sababu zake. Nyama mwaka huu ni kidogo, kondoo walikonda. Hakuna la kuandika hapo. Niambie kama treni ya Jutland ina mahali pa kuweka mizigo mikubwa, maana Bergljót kwa kufungasha humwezi.

Hanus


Kopenhagen
14 Desemba 1993

Hanus,

Mama hajambo? Watoto hawajambo? Haya, salamu zimekwisha.

Jumapili nilikwenda kwenye nyumba tunayokutania hapa sisi watu wa visiwani, kwenye mnada wa Krismasi, nikakaa meza moja na Malan binti wa mwenye duka. Nikaanza kujisifu kwamba nina wageni Machi. Akanitazama hivi, akaweka kikombe chini.

"Sunnvá, kwani hukuambiwa? Hanus ameuza kondoo wote. Boti iko gatini haijatoka tangu kiwanda cha samaki kifungwe. Wanahama, mwenzangu. Jutland kuna kazi kwenye machinjio ya nguruwe."

"Na Mama?"

"Mama yenu anajua ni matembezi. Kijiji kizima kinajua isipokuwa yeye na watoto."

Nilicheka, Hanus. Nilicheka mbele ya watu kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshanunua godoro la watoto.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya kwako inaishia kitandani kwangu. Sikulaumu kwa kuhama. Samaki wamekwisha, kila mtu anahama, nami nilihama wakati samaki wapo. Lakini mwambie Mama. Unajua kwetu mtu anaondokaje. Hupita nyumba kwa nyumba, hukaa kila meza, hunywa kahawa ya kila mtu, humshika mkono mkubwa na mdogo, na mwisho hupita makaburini. Mimi nilipita nyumba zote na Mama mwenyewe akinisindikiza, nikatapika kahawa kwenye boti. Asiyeaga ni mtoro. Mama ameishi pale miaka karibu themanini na Baba amelala pale. Unataka aondoke kama mwizi wa kuku?

Mwambie kabla hamjatoka. Sikuombi kingine.

Sunnvá


Norðvík
20 Januari 1994

Dada,

Mama mzima, watoto wazima. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Mara tatu nimeanza kukujibu nikachana.

Ni kweli yote. Duka linafungwa Februari. Shule imebaki na watoto watano, wawili ni wangu. Nimekaa mwaka mzima natazama boti kutoka dirishani, na Bergljót ananitazama mimi.

Unadhani sikujaribu? Nilijaribu wakati wa kiangazi. Nilimwambia, "Mama, tukihama sote itakuwaje?" Akasema, "Nyinyi hameni. Mimi mtanitoa hapa kwa jeneza." Kisha akaniuliza kama nitaongeza viazi. Sasa nifanye nini? Nikimwambia atajifungia ndani, nami siwezi kumbeba mama aliyenizaa huku anapiga kelele na wanangu wanatazama. Wala siwezi kumwacha. Nani atamletea makaa? Nani atajua kama ameamka?

Kwa hiyo nimeona hivi: tuje kwako, wafurahi, wamwone tembo, wapande huo mnara. Mama akishaona watoto wamefurahi moyo wake utakuwa laini. Ndipo umwambie wewe. Wewe ndiye mkubwa, na wewe anakusikiliza. Siku ya pili jioni, au hata ya tatu. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Hanus


Kopenhagen
30 Januari 1994

Hanus,

Sitamwambia. Usinifanye mimi ndiye mlango wa kutokea. Akiambiwa Kopenhagen ameambiwa akiwa hana tena pa kukaa wala pa kugoma, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana umeichagua Kopenhagen. Mama si mzigo mkubwa wa treni.

Akikataa, akatae akiwa jikoni kwake. Akilia, alie na majirani zake. Labda atagoma wiki mbili halafu atakubali, wazee hukubali mambo mazito kuliko haya wakipewa nafasi ya kuyatukana kwanza. Lakini mpe nafasi ya kugeuka nyuma akatazama.

Godoro la watoto lipo. Viti vya ngazini nimeshaazima kwa majirani. Njooni na viatu visivyopenya maji, na Tummas asisahau kofia, upepo wa hapa ni wa kihuni. Nawasubiri kwa hamu, na ninavunjika moyo kila ninapowaza mtakavyoingia mlangoni mkicheka.

Dada yako


Norðvík
6 Machi 1994

Dada Sunnvá,

Ndege ni Jumatano ya wiki ijayo, ukungu ukipenda. Makasha tumekwisha kuyapeleka kwa meli. Mama alikuwa kanisani. Vitu vya chumbani kwake tumechukua vile tu ambavyo havionekani haraka.

Sijamwambia.

Lakini kuna jambo limetokea, labda litakutuliza. Watu wameanza kuja. Hakuna aliyewaita. Tangu Alhamisi wanakuja mmoja mmoja, wanasema walikuwa wanapita tu, wanakaa mezani kwa Mama wanakunywa kahawa. Hata Jákup, ambaye hakukanyaga kwetu tangu ule ugomvi wa uzio, alikuja na keki, akamshika Mama mkono na kuung'ang'ania.

"Jákup, utaning'oa mkono," Mama alisema. "Nakwenda kumwona tembo, siendi vitani."

Jákup akatoka bila kofia yake. Mama akanigeukia, "Kijiji hiki kimeshikwa na kiu gani wiki hii? Kahawa imenimalizikia." Anafurahi, Dada. Sijamwona akifurahi hivi tangu Baba afariki. Nami nimesema moyoni, basi, angalau ameagwa. Si heri hivyo kuliko kulia?

Funika kombe mwanaharamu apite. Tukifika, tafadhali uwe na uso wa kawaida.

Hanus


Kopenhagen
21 Machi 1994

Hanus,

Natumaini mmefika salama na watoto wamepata vitanda. Hapa nimerudisha viti vya watu. Jino la Tummas liko dirishani.

Nataka ujue jambo ambalo hukuliona. Siku ya tembo, mlipokwenda mbele na watoto, mimi na Mama tulikaa kwenye benchi kwa sababu ya goti. Maneno nilikuwa nayo, Hanus. Nilikuwa nimesema sitamwambia, lakini nilipowaona mnavyocheka nikaona bora nimwambie mimi kuliko asiambiwe kabisa. Nikamwita, "Mama."

Akasema, "Ngoja kwanza." Akafungua mkoba wake akanionyesha vijiko vidogo vya chai, vile vyenye picha ya mnara kwenye mpini. Alikuwa amenunua asubuhi pale kibandani mlangoni. Akaanza kunihesabia: hiki cha mke wa mchungaji, hiki cha mwenye duka, hiki cha Jákup, "maana maskini amezeeka, ameanza kupatana na watu." Alitaka kurudi na kitu kwa kila mtu aliyekuja kunywa kahawa. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia nilikuwa namwuliza kama anasikia baridi.

Sasa umeniingiza na mimi. Asubuhi ile mlipoondoka, pale kituoni, alipokuwa ananipungia mkono dirishani na kuniambia tutaonana kiangazi nyumbani, mimi na wewe tulitazamana, kisha wewe ukatazama saa. Mwambie leo hii. Usingoje barua nyingine.

Sunnvá


Jutland
17 Aprili 1994

Dada,

Watoto wameanza shule. Bergljót hajambo. Kazi nimeipata, nguruwe hawana maneno.

Unajua treni huingizwa ndani ya meli ikifika baharini, na meli huivusha. Sikuwa nimewaza hilo. Mama aliposikia harufu ya bahari akaamka usingizini, akashuka, akapanda juu kabisa kwenye upepo na lile goti lake. Nilimkuta ameshika chuma, uso umemchanua. "Mbona hamkuniambia tunarudi kwa meli?" akasema. Nikamwambia huku ni kwa Páll, ni maji ya kuvuka tu. Akasema, "Ahaa." Akabaki juu akitazama mbele mpaka nchi kavu ilipotokea, tambarare, haina hata kilima.

Wiki ya kwanza alikuwa mgeni, akaosha vyombo vya watu na kusifu pazia. Wiki ya pili akaanza kuuliza tarehe. Nikasema Páll ametuomba tukae kidogo. Kisha makasha yakafika. Nilikuwa kazini. Rannvá ndiye aliyefungua mlango, na juu kabisa ya kasha la kwanza palikuwa na gurudumu la Mama la kusokotea sufu, lile lililokuwa limewekwa darini.

Niliporudi nilimkuta amekaa karibu nalo na koti lake mwilini.

"Walijua wote?" akaniuliza.

"Wote, Mama."

"Na Jákup?"

"Na Jákup."

Hakulia, hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Rannvá ndiye aliyepiga kelele, akasema mimi ni mwongo na hataki hata nimguse nywele. Tangu siku hiyo Mama hafungui sanduku lake. Anakula, anashukuru, anarudi chumbani. Wifi yako anamwita "Mama", yeye anamjibu "asante, bibie" kama yuko nyumba ya wageni.

Dada, nimeharibu. Niambie la kufanya.

Hanus


Kopenhagen
25 Aprili 1994

Hanus mdogo wangu,

Usilie, au lia halafu unisikilize. Nimekwisha kuacha kazi. Nilimwambia msimamizi leo asubuhi, akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia nakwenda nyumbani. Sikuwa najua kama bado ninaweza kulitamka hilo bila kucheka.

Nitamrudisha Mama. Mwezi wa Juni meli inatoka huko huko Jutland, nitakuja kumchukua mwenyewe. Nyumba ipo, nani atainunua? Makaa nitabeba mimi, nina mikono ya mfua mashuka. Duka likiwa limefungwa tutaagiza unga kwa boti. Tutapanda viazi. Watoto watakuja kiangazi, nawe utakuja kuchinja ukipata likizo, kondoo wawili watatu tutapewa.

Mwambie tu. Msomee barua hii kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze. Kwa mara moja katika maisha yako mpelekee neno la kweli.

Dada yako,
Sunnvá


Jutland
15 Mei 1994

Dada Sunnvá,

Watoto wanakusalimu. Nimemsomea Mama barua yako neno kwa neno, mlango wazi, Bergljót na Rannvá wanasikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Uliposema viazi akatabasamu, nikadhani tumepona.

Kisha akasema, "Mwambie Sunnvá arudi akaombe kazi yake."

Nikamwambia, "Mama, ni kweli safari hii. Nakuapia. Utarudi."

"Nirudi wapi? Mtu mzima na akili zake anayehama huenda mwenyewe kuaga. Anazunguka kwa miguu yake, anagonga mlango, wanamwona anakwenda, na siku akirudi anagonga tena. Anayefuatwa nyumbani, watu wakaja mmoja mmoja na keki, wakamshika mkono, naye hajui kitu, huyo ni nani, Hanus? Umewahi kuona kwetu watu wakimfuata nani hivyo?"

Tummas akajibu kwa sauti, kama yuko darasani, "Maiti."

"Mjukuu wangu ana akili," Mama akasema. "Jákup alisimama pale akaniaga na machozi, amenisamehe uzio. Leo nitokee gatini nimwambie nini? Kwamba nilikuwa kwa tembo? Walishamaliza na mimi. Mlinitoa kwa jeneza kama nilivyowaambia, ila hamkunifunika."

Nilipiga magoti, Dada, mtu mzima mimi. Akanipapasa kichwa kama anavyompapasa Tummas, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaniuliza, kwa adabu, kama anamwuliza mwenye nyumba, watu wa mji huu wanazikwa upande gani.

Jana nilimpeleka. Ni nyuma ya kanisa, pamepandwa nyasi, bahari haionekani. Alisimama kidogo akitazama huku na huku, akasema panatosha, turudi, watoto wasije wakakaa na njaa.

Ndugu yako,
Hanus